Reubeni hakuwa mwoga, alikuwa na mifugo

Waamuzi sura ya 5, ule wimbo wa Debora, wengi tunaujua kwa vipande viwili tu, nyota zilizopigana kutoka mbinguni na Yaeli aliyempigilia Sisera kigingi cha hema kichwani. Katikati hapo kuna mistari mitano, wa 14 mpaka wa 18, ambayo watu wanairuka maana ukiiangalia juu juu ni majina majina tu ya makabila ya Israeli, Efraimu, Benyamini, Makiri (ukoo wa Manase), Zabuloni, Isakari, halafu ghafla Debora anageuka anaanza kuhoji watu: wewe Reubeni mbona ulikaa kwenye mazizi unasikiliza filimbi za wachungaji, Gileadi kabaki zake ng'ambo ya Yordani, Dani naye mbona yuko kwenye merikebu, Asheri katulia pwani. Yaani ni wimbo wa ushindi kabisa, watu wameshashinda, na mwimbaji anasimama anasoma nani alikuja na nani hakuja.

Huo wa Reubeni, 15 na 16, ndo nataka tukae nao leo. Nimeusikia ukihubiriwa sana, na karibu kila mara unahubiriwa vilevile: Reubeni alikuwa mwoga, wewe usiwe Reubeni, lete ahadi yako ya ujenzi. Sina shida na ujenzi. Shida yangu ni kwamba hakuna mahali popote pale panaposema Reubeni aliogopa, na ukiusoma mstari taratibu unakuta unamlaumu kwa kitu kingine ambacho kinatugusa wengi zaidi kuliko woga.

Kwanza tuiweke vita mahali pake. Yabini mfalme wa Kanaani anakaa Hazori, mkuu wa jeshi lake ni Sisera, wana magari 900 ya chuma, na wamewabana Waisraeli miaka 20. Kubanwa kwenyewe Debora anakueleza kwenye mstari wa 6, barabara kuu zilikuwa hazina watu, msafiri alikuwa anapita vichochoroni. Hebu fikiria maana yake kwa mtu wa kawaida, huwezi kupeleka mafuta sokoni, huwezi kumpeleka binti akaolewe kijiji cha pili bila kuzunguka porini. Na silaha hakuna, mstari wa 8 anauliza kama kulionekana ngao au mkuki kwa watu 40,000 wa Israeli, na jibu linaeleweka.

Magari ya farasi yanataka tambarare, na tambarare kubwa ya kule ni bonde la Yezreeli, lile linalokatiza nchi kutoka karibu na bahari kuelekea Yordani. Mwenye magari akilishika bonde lile anakuwa ameikata Israeli vipande viwili, Naftali na Zabuloni kaskazini hawaonani na Efraimu na Benyamini kwenye vilima vya kusini. Isakari yeye ndo kakaa hapohapo mdomoni. Kwa hiyo hii haikuwa vita ya Israeli yote kwa uzito uleule, kuna waliokuwa wanaumia kila siku na kuna waliokuwa wanasikia habari tu.

Halafu kuna jambo ambalo ukilisahau hutauelewa huu wimbo. Hakukuwa na mfalme, hakukuwa na jeshi la kudumu, hakukuwa na wa kukuandikia barua ya wito wala wa kukufunga usipoenda. Debora ni nabii na mwamuzi, anakaa chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, watu wanampelekea mashauri yao. Nguvu yake yote ni neno lake. Anamwita Baraka mwana wa Abinoamu kutoka Kedeshi ya Naftali, anamwambia chukua watu 10,000 mpande mlima Tabori, basi, kinachobaki ni watu kukubali au kukataa. Ndo maana wimbo unaanza kwa kumshukuru Mungu kwamba watu walijitoa kwa hiari yao. Ukishajua kwamba hakuna aliyelazimishwa, orodha ya waliokuja inakuwa na uzito, na ya waliobaki pia.

Vita yenyewe ilikwisha haraka. Tabori ni mlima mmoja umesimama peke yake pembeni ya bonde, haufiki mita 600 lakini magari hayapandi pale. Baraka anateremka, mvua inashuka (mstari wa 4 unasema mawingu yalidondosha maji), mto Kishoni ambao kiangazi ni kijito tu cha kuvuka kwa mguu unajaa na kufurika, na lile bonde udongo wake ukilowa ni tope zito, sasa gari la chuma kwenye tope lile ni mzigo, farasi wanapigapiga kwato gurudumu linazidi kuzama, na Sisera, jemadari wa magari 900, anaruka chini anatimua mbio kwa miguu yake mwenyewe. Sura ya 4 imeliandika hilo bila mbwembwe, alishuka garini akakimbia kwa miguu.

Sasa tumrudie Reubeni. Alikuwa anakaa wapi? Ng'ambo ya Yordani, mashariki ya Bahari ya Chumvi, kwenye uwanda wa juu kaskazini ya mto Arnoni, miji kama Heshboni, Medeba, Diboni. Leo ni nchi ya Yordani. Kutoka Medeba mpaka Tabori ni zaidi ya kilomita 100 hata ukipiga mstari ulionyooka kama ndege, na mtu wa miguu hanyooki, kuna makorongo ya kushuka na kupanda na kuna Yordani wa kuvuka. Kusini yake yuko Moabu, na Moabu hawa si majirani wa kuwapa mgongo, sura mbili tu nyuma Egloni mfalme wao alikuwa ameitawala Israeli miaka 18 mpaka Ehudi alipommaliza. Kwa hiyo mzee wa Reubeni akisimama akisema jamani tukipeleka vijana wote kaskazini, Moabu akija usiku nani atalinda wanawake na watoto, huyo mzee hasemi ujinga. Mi ningekuwepo pengine ningempigia makofi.

Na Debora anajua hilo. Anasema pale kwenye vijito vya Reubeni mambo yalifikiriwa sana moyoni, tena anarudia mara mbili, mwisho wa mstari wa 15 na mwisho wa 16. Watu walikaa, wakapima, wakachambua. Kati ya hizo mara mbili ndo anachomeka lile swali la mazizi. Ukimsikiliza hivyo unaona anawacheka, mlikaa vikao vikubwa kweli kweli, na kikao kilipoisha mlikuwa bado mmekaa palepale, kondoo wanalia, filimbi zinapigwa.

Wote tuna lile grupu la WhatsApp la msiba. Mtu katangaza mzee amelazwa au amefariki, zinaanza kumiminika emoji za mikono iliyokunjwa, tuko pamoja, poleni sana familia, Mungu awatie nguvu, mwingine anaandika aya nzima ya kufariji mpaka unalia, mwingine anashauri iundwe kamati, mwingine anauliza bajeti imeandaliwaje na jeneza la nini la bei ile. Jioni mweka hazina anaposti listi ya waliotoa, ni wale wale sita. Hao waliobaki hawakuwa wanadanganya, maumivu walikuwa nayo, walifikiri sana moyoni. Ila listi ni listi.

Halafu ukitaka mstari ukuchome zaidi, rudi nyuma kwenye Hesabu 32. Waisraeli bado hawajavuka Yordani, Reubeni na Gadi wana mifugo mingi mno, wanaiona ile nchi ya mashariki ina malisho wanamwendea Musa, tuachie hapa hapa, usituvushe. Musa anakuja juu. Ndugu zenu waende vitani nanyi mkae hapa? Ni mstari wa 6, na ni swali lilelile la Debora, limeulizwa kabla mtu yeyote hajamjua Sisera. Wale watu wakampa Musa jibu zuri, wakasema tutajenga mazizi ya mifugo yetu hapa na miji ya watoto wetu, lakini sisi wenyewe tutavuka na silaha mbele ya ndugu zetu, haturudi nyumbani mpaka kila mtu apate urithi wake.

Angalia mpangilio wao, mazizi yametangulia, watoto wamefuata. Musa alipowajibu, mstari wa 24, akageuza, jengeni miji ya watoto wenu, na mazizi ya kondoo wenu. Marabi wa Kiyahudi walishaligundua hili karne nyingi nyuma, wakasema Musa alikuwa anawasahihisha kiaina. Mimi nililiona baada ya kuambiwa, na tangu hapo siwezi kusoma Waamuzi 5 bila kuyaona yale mazizi ya Hesabu yamesimama palepale.

Na haki yao wapewe, walitimiza. Yoshua 4 inasema Reubeni, Gadi na nusu ya Manase walivuka na silaha zao, watu kama 40,000, wakapigana mpaka mwisho. Sura ya 22 Yoshua anawaruhusu warudi, anawabariki, wanarudi na mifugo mingi sana na fedha na dhahabu na shaba na chuma na nguo. Kile kiapo kikaisha siku ile. Kilikuwa na mwisho, ndio shida ya viapo. Kizazi cha Debora hakikuwa kimeapa kitu kwa mtu, hakikuwa na deni la kisheria, kikaulizwa swali la babu zao kikiwa huru kabisa kujibu kinavyotaka.

Sasa wale wanaosema woga, waende 1 Mambo ya Nyakati 5. Pale Reubeni, Gadi na nusu ya Manase wanaingia vitani na Wahagari, watu wa kuhamahama wa mashariki, wakiwa na wapiganaji 44,760, wenye ngao na upanga na upinde, waliozoea vita. Wanashinda vibaya mno. Wanachukua ngamia 50,000, kondoo 250,000, punda 2,000, na watu 100,000. Kwa mstari wa 10, vita ya Reubeni na Wahagari ilikuwa siku za Sauli, baada ya zama za Debora. Kwa hiyo mkono wa kushika upanga walikuwa nao, moyo wa vita walikuwa nao, hata kumlilia Mungu katikati ya mapigano walijua, maana imeandikwa walimlilia na akawasikia. Kondoo 250,000! Vita ya malisho yao, mpakani mwao, yenye faida ya mifugo mwisho wake, hiyo haikuhitaji vikao virefu vya moyo.

Mimi ndo naona hapo maana ya ule mstari. Debora haulizi mbona uliogopa. Anauliza mbona ulikaa. Reubeni alipima vita kwa kuangalia zizi lake, ya Kishoni ikaonekana ni ya watu wa kaskazini.

Kuna kikao kimoja cha jumuiya yetu tulikuwa tunaisoma hii sura, bibi mmoja ambaye huwa haongei sana, ana ile Biblia ya jalada jeusi imechakaa mpaka ina mpira wa kufungia, akauliza, "Mwalimu, na Yuda yuko wapi?" Mwalimu wa zamu akafungua, akatafuta, kimya. Bibi akaendelea, "Maana naona wametajwa waliokuja, wametajwa waliobaki, Yuda hayupo kokote." Ni kweli kabisa. Yuda, kabila lililotangulia vitani sura ya 1, kabila la Daudi atakayekuja, halimo kwenye wimbo. Simeoni naye hayumo. Mwalimu akasema tutalifanyia utafiti wiki ijayo, wote tukajua hilo limeishia hapo.

Ila swali la bibi lilinifungua. Makabila yaliyoimbwa ni kumi, sita wamesifiwa (wale watano wa mwanzo pamoja na Naftali) na wanne wamechokozwa. Wataalamu wengi wanauhesabu wimbo huu kati ya vipande vya kale kabisa vya Biblia, na baadhi yao wanasema labda wakati ule Yuda alikuwa kusini mbali mno, hajahesabika bado kwenye huo umoja wa kaskazini. Wengine wanabisha. Chochote kilichokuwa, inaonekana Yuda hakuulizwa kwa sababu hakutegemewa. Reubeni aliulizwa kwa sababu alitegemewa. Kuna nafasi yake kwenye mstari, mtu alikuwa anaangalia njia ya Yordani asubuhi ya vita akisema watu wa Reubeni bado? Mzaliwa wa kwanza wa Yakobo, jamani. Usipotegemewa hata jina lako halisomwi.

Na hao wanne hawajalaaniwa, hili wahubiri wengi wanalipita. Laana iko mstari wa 23, ni ya Merozi, mji ambao Biblia haiutaji mahali pengine popote, malaika wa Bwana anasema waapizwe wenyeji wake kwa kuwa hawakuja kusaidia. Wengi wanadhani Merozi ulikuwa karibu na uwanja wa vita, ndo maana kosa lake limechukuliwa tofauti, Reubeni aliulizwa swali kutoka mbali, Merozi waliona vumbi kwa macho yao. Kwa hiyo ukitaka kuwatisha waumini kwa laana, tumia Merozi, usimbebeshe Reubeni laana ambayo hakupewa.

Dani na Asheri sina mengi nao. Hawa walikuwa na bahari. Waamuzi 1 inasema Asheri hakuwafukuza wenyeji wa Ako wala wa Sidoni, alikaa katikati yao, kwa hiyo riziki yake pengine ilikuwa imeshashikana na watu wa pwani, ukienda kupigana na Wakanaani wa bondeni kesho unauza nini na unamuuzia nani. Gileadi inachekesha kidogo maana kwenye Hesabu 26 Gileadi ni mtoto wa Makiri, na Makiri kwenye wimbo kaja. Baba kavuka, mtoto kabaki. Hata hapa kwetu familia ziko hivyo.

Na mara tu baada ya laana ya Merozi, mstari unaofuata ni baraka ya Yaeli. Huyu mama ndo alikuwa na kila sababu ya kukaa pembeni. Ni wa nyumba ya Heberi Mkeni, si Mwisraeli, na sura ya 4 inasema wazi kulikuwa na amani kati ya Yabini na nyumba ya Heberi. Hakuitwa na Baraka, hakuna aliyekuwa anamtegemea, jina lake halikuwa kwenye mpango wowote. Sisera alikimbilia hemani kwake kwa sababu alijua pale ni pa marafiki. Wimbo umemweka kando ya Merozi makusudi, naamini hivyo, watu wa ndani hawakuja, wa nje akamaliza kazi. (Namna alivyoimaliza ni mjadala mwingine, na kuna watu ile stori inawakosesha usingizi, nawaelewa.)

Reubeni aliishiaje? Musa alishamwombea kwenye Kumbukumbu la Torati 33 kwamba aishi asife, ombi ambalo mtu mwenye afya haombewi. Mwaka 1868 huko Dhiban, Yordani, lilionekana jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, leo liko makumbusho ya Louvre, Paris. Mesha anajisifu kaichukua Nebo, anaitaja Medeba, mwenyewe anajiita mtu wa Diboni, yaani miji ambayo Hesabu 32 na Yoshua 13 zinaiweka chini ya Reubeni. Anataja watu wa Gadi kwamba walikaa Atarothi tangu zamani. Reubeni hamtaji kabisa. Miaka mia moja na kitu baadaye, mfalme wa Ashuru Tiglath-Pileseri akaja akayachukua mateka makabila ya mashariki, Reubeni, Gadi na nusu ya Manase, kabla Samaria haijaanguka. Sisemi ni adhabu ya kutokwenda Kishoni, Mambo ya Nyakati yenyewe inasema sababu ni kuifuata miungu ya watu wa nchi. Nasema tu kwamba yale malisho waliyoyapenda yalikuwa mpakani, na mpaka ndo unaoliwa kwanza.

Hao wengine hawakubaki walivyo. Asheri yuleyule wa pwani, geuza kurasa uende Waamuzi 6:35, mwamuzi wa baadaye Gideoni anatuma wajumbe kwa Manase, Asheri, Zabuloni na Naftali, na safari hii Asheri anakuja. Hakuna maelezo, hakuna kuomba msamaha, kaja tu. Efraimu ambaye kwa Debora alikuwa wa kwanza kwenye orodha, sura ya 8 anamgombeza Gideoni kwa nini hakumwita mapema, na sura ya 12 anamgombeza Yefta wa Gileadi hivyohivyo, Yefta akamjibu niliwaita hamkuniokoa. Yaani Gileadi aliyebaki ng'ambo siku ya Debora sasa ndiye anayelalamika kwamba aliachwa peke yake, na aliyemwacha ni Efraimu aliyesifiwa. Wakaishia kuuana wenyewe kwa wenyewe kwenye vivuko vya Yordani, 42,000 upande wa Efraimu. Kwa hiyo mhubiri akitaka kabila la kutolea mfano siku ya ahadi, kitabu kimempa wengi wa kuchagua, amwache kwanza Reubeni apumue.